Karatasi ya Siku ya Pili

Hospitali huniita kwa saa, hunilipa kwa dakika.
Leo ni ghorofa ya tatu, Lewiston, theluji imeganda kiooni,
na Denise anasukuma kigari chake taratibu
kama mtu aliyebeba maziwa ya moto.
Mtoto sharti alale. Akilia, tunaanza upya.

Kitu chenyewe ni kidogo: kizibo laini cha mpira
kinachoingia sikioni, kinagonga, tik, tik, tik,
kisha kinanyamaza kusubiri.
Maana sikio zima, ameniambia Denise, hujibu.
Hurudisha kasauti kembamba kutoka ndani kabisa,
kama jirani anayegonga ukuta kusema: nipo.

Sikio la kulia la Mugisho limejibu.
La kushoto, kimya.
Denise anarudia. Kimya.
Anachapa karatasi, ananikabidhi niisome kwa Kiswahili.

Hapo ndipo ninapokwama.
Karatasi inasema HAKUFAULU. Neno la serikali.
Siku mbili duniani, kitovu hakijadondoka,
tayari amefanya mtihani, tayari ameanguka.
Namtazama Nzigire, mshono wa tumbo ungali mbichi,
nasema: mashine imebisha mlango wa kushoto,
haijasikia mtu. Pengine ni maji ya uzazi.
Pengine si maji. Mrudi kabla ya mwezi kwisha.
"Mbona Kiswahili ni kirefu hivyo?" Denise anauliza.

Nzigire halii. Anataka kujua jambo moja:
nani mwingine anapimwa?
Wote, namwambia. Wa daktari na wa mfagizi,
kabla hawajatoka mlangoni.
"Wote," anarudia, kama anayehesabu chenji.

Kisha ananisimulia Chiruza, kaka yake, kule Kabare,
aliyeitwa asigeuke, akaitwa tena, akachapwa.
Miaka sita walimwita mkaidi.
Sikio la kufa, walisema, halisikii dawa,
na dawa ilikuwa fimbo ya mkaratusi.
Hadi siku upepo ulipong'oa bati la kanisa
likaanguka nyuma yake, watu wote wakalala chini,
naye akaendelea kumenya muhogo.

Mwezi Machi nimeketi Augusta, chumba chenye zulia,
wanajadili mstari mmoja wa bajeti:
nauli ya kipimo cha pili kwa walio mbali na kliniki.
Kupima walishakubali zamani. Kupima kunapendeza pichani.
Kilichobaki ni maili tisini, gari la kuazima,
zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mayai,
na barua ya Kiingereza kwenye friji, chini ya sumaku.
Bwana mmoja anasema watoto wengi hupotea
baada ya karatasi ya kwanza.
Hupotea! Nami najua walipo: mtaa wa Bartlett,
orofa ya pili, kengele haifanyi kazi, gonga kwa nguvu.

Anasimama Harriet Ouellette, kiziwi, mwalimu wa hesabu.
Mikono yake inatangulia, mkalimani anamfuata kwa sauti
(nampenda papo hapo, mtu wa kazi yangu,
naye pia amepungukiwa pumzi).
"Mmehesabu masikio," anasema. "Nani anahesabu lugha?
Mimi sikukosa kitu hadi nilipofika miaka mitano
bila mtu hata mmoja wa kuzungumza naye.
Mkishajua, msikae na habari mfukoni.
Mpeni mama mtu wa kumfundisha ishara wiki ileile."

Kura iliahirishwa. Kahawa ilikuwa imepoa.
Mimi walinipa kijikaratasi nikitafsiri upya,
mistari minane, isizidi.
Nimefuta HAKUFAULU.
Nimeandika: BADO HATUJAPATA JIBU, TUNAWANGOJA.
Wamekirudisha: ndefu mno.
Nimewapelekea tena ileile.

Jana nilimwona Nzigire kituo cha basi,
Mugisho kifuani, kofia ya sufu imemshuka machoni.
Tarehe yao ya kliniki ni Alhamisi, lifti imepatikana.
Akitaka kumwambia kitu kutoka upande wa kushoto
anamgusa shavu kwanza,
anangoja ageuke,
ndipo anasema.