Waya wa Kushoto

Bei umeuliza, tumekubaliana.
Injini umeiinamia, ukaisikiliza kama daktari.
Sasa unaupiga kofi mlango wa nyuma, Leandro,
unauliza ukilazwa wazi unabeba ratili ngapi.

Kitabu chake kilikuwa na jibu.
Panya wa ghalani walianzia ukurasa huohuo.
Basi nikuhesabie mimi, Crestina,
kwa mizani ya miaka thelathini na mmoja.

Umebeba kuni za msonobari, mbichi,
zimerundikwa mpaka bawaba zikakohoa.
Umebeba jiko la chuma la mama mkwe wangu:
wanaume wanne wakilisukuma, wa tano akitoa amri,
likatua pale ukingoni nusu dakika, kama linawaza,
na waya mbili zikakazana, zikalia ti,
sauti ndogo, uzi wa gitaa unapotafutiwa mahali pake.
Eufemio akasema, "Limekaa. Kilichokaa hakina neno."

Umebeba wazoa tope kila Machi,
siku ya kusafisha mfereji kabla maji hayajashuka mlimani.
Sita kwa mstari, makoleo yameegemezwa,
buti zinaning'inia, maharage kwenye bakuli za bati,
na Celedonio, ambaye peke yake ni wawili.
Theluji ilikuwa bado imejificha vivulini.
Hakuna aliyetaja ratili.

Halafu Jumapili moja Belarmino wangu,
miaka tisa, mwepesi kama gunia la pilipili kavu,
alipanda juu ya paa la pikapu
akaruka.

Kamba hukatikia pabovu.
Waya wa kushoto uliachia,
mlango ukapinda kama mdomo wa aliyepooza,
mtoto akateleza, kidevu kwenye chuma.
Kovu lipo. Amelifugia ndevu.
Anafanya kazi Pueblo, hupiga simu Krismasi.

Jiko lilishushwa taratibu, likasamehewa.
Mtoto alitoka juu.
Kitu kilekile kikikaa kina uzito wake,
kikianguka kina uzito wa mwingine.
Na Eufemio alijua. Nyuzi za waya ule
alikuwa ameziona zikifumuka tangu majani kupukutika,
akasema atanunua mpya Jumamosi.
Zikapita Jumamosi.

Baadaye alinunua. Mmoja.
Wa kushoto tu, maana wa kulia "bado mzima."
Nikamwambia waliozaliwa pamoja huchakaa pamoja.
Alinijibu kwa mgongo.

Oktoba iliyopita aliukalia mara ya mwisho
nimvue buti, asiweze kuinama mwenyewe.
Alikuwa amebaki ratili mia moja na kumi na nane;
muuguzi alikuwa ameziandika asubuhi ile.
Akainua kidole, tunyamaze.
"Zimelia?"
Nilitega sikio kwa uaminifu wote nilionao.
Hazikulia. Mlango haukujua kama kuna mtu.

Kwa hiyo, ratili ngapi?
Sijui. Watu wawili waliotulia, ndiyo.
Watatu, kama mmoja si Celedonio.
Ukipakia pikipiki, ubao wako uvuke ukingo,
uzito ukalale ndani, juu ya magurudumu.
Huyo binti yako anayecheza kwenye bampa,
mshushe kwanza, ndipo tuendelee kuzungumza.
Wa kushoto leo ndio mpya, usikudanganye;
wa kulia ni wa mwaka ule wa jiko.
Badilisha zote mbili, siku moja,
na siku hiyo isiwe Jumamosi.

Ufunguo huu. Karatasi ziko ndani ya kasha.
Ukiufunga, usiubamize.
Unyanyue kwa mikono miwili, halafu usukume kwa goti,
hapa, kwenye hiki kibonyeo.
Uliniomba punguzo kwa ajili yake, ukidhani ni ajali.
Ni goti la mtu.
Sipunguzi.