Siku Moja Pungufu

Tarehe tano Novemba, saa kumi na moja jioni,
giza limeshatua Huddersfield,
na Declan Sowerby kasimama mbele ya kaunta,
kofia imeloa, pauni ishirini zimekunjwa kama hirizi.
Anataka fashifashi. Nikamwomba kitambulisho.
Alizaliwa tarehe sita.

"Kesho natimiza kumi na nane."
"Basi kesho," nikamjibu, "karibu."
Nyuma yangu kabati la chuma, kufuli mbili,
na cheti cha halmashauri chenye jina la Bwana Parmar,
ambaye kila asubuhi hunisomea masharti kama hotuba ya Ijumaa:
usimuuzie mtoto,
usizidishe kilo,
na baada ya tarehe kumi usiuze hata kijiti cha cheche.
Faini je? Akaitaja. Nikaacha kula.

Kwetu fataki liligeuka jina la mzee
mwenye gari na vijisenti nje ya shule ya wasichana;
wakambandika kwenye mabango.
Huku fataki ni fataki tu. Bado kuna mtu wa kuzuiwa mlangoni,
na safari hii ana chunusi na baiskeli.

Akatoka. Mji mzima ukalipuka bila yeye
hadi saa sita, maana usiku huo mmoja sheria hulegeza mkanda;
siku nyingine mwisho saa tano.
Mbwa wa Bi Ogden alilia chini ya kitanda.
Nilimsikia ukutani.

Kesho yake Declan akaja na pasipoti. Nusu bei.
Akachagua boksi dogo kuliko yote,
akasoma maandishi ya nyuma,
akayasoma tena.
"Imeandikwa bustani. Mita nane."
Anakaa ghorofa ya tisa na bibi yake.
Barabarani marufuku. Uwanja wa mpira marufuku.
Ukingo wa mfereji, nao marufuku.
Sheria ni msumeno, tulifundishwa;
huu ulinolewa na mtu mwenye ua.

Nikaenda nyuma ya duka kuhesabu hatua:
pipa, kreti za maziwa, ngazi iliyovunjika.
Nikasogeza pipa. Nikahesabu upya.
Nane, ukibana pumzi.

Saa nne na dakika hamsini na mbili usiku.
Bibi kakaa juu ya kreti, blanketi magotini.
Nimeshamgongea Bi Ogden: dakika moja tu,
mfungie mbwa, washa redio.
Declan akaupelekea utambi moto,
mkono umenyooka kama wa mtu anayemlisha fisi.

Zikatoka cheche za kijani,
zikafika usawa wa paa,
zikakohoa,
zikaisha.

"Ndiyo hiyo tu?" akauliza bibi.

Ndiyo hiyo tu.
Zilibaki dakika saba, halali kabisa,
na hatukuwa na kitu cha kuzitia.