Sikio la Bati

Mimi ni wa masanduku.
Januari nzima Kamukunji hunijua kwa pigo:
mawili ya haraka, moja la kuuma pembe,
sanduku la mtoto wa kidato cha kwanza likasimama,
buluu, na kitasa chake, na harufu ya rangi mbichi.
Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza
bati husikiaje.

Aliyeuliza ni Ndunge.
Miaka tisa alipima maji ya mto maabarani,
akiandika namba katika daftari,
daftari zikipanda kabatini,
kabati likifungwa.
"Namba zangu," alisema, "hazijamwamsha hata paka."
Nyuma yake Okumbe, mfufua redio wa Luthuli,
vidole makovu ya lehemu,
kakumbatia boksi la viatu:
spika ya redio ya marehemu fulani,
misumari miwili ya shaba,
na kidude cheusi chenye miguu minane, kama buibui.

Walitaka pembe.
Mdomo mpana kama karai, shingo ya korongo.
Nikawatajia bei. Ndunge akacheka.
Nikawatajia bei nyingine.

Mambo yenyewe, kama nilivyoyaelewa, ni haya:
msumari huku, msumari kule, maji katikati.
Maji yaliyoshiba chumvi na taka za viwanda
hupitisha umeme mbio,
na buibui hulia kwa sauti nyembamba.
Maji safi humkawiza.
Sauti hushuka, hunenepa,
mpaka inabaki kuhesabu tu:
du.
Du.

Juma zima waligombana kibandani kwangu.
Okumbe alitaka kuipanga sauti,
ipande kwa ngazi za nyatiti ya babu yake.
"Ukiupaka uvundo marashi,
nani ataziba pua?"
"Na usipoupaka, nani atasimama?"
Mimi nilikuwa nakunja bati.
Hawakuniuliza, sikusema.
Lakini fundi anajua
bati lililonyooka hupiga ukelele,
lililopindwa huomboleza.
Usiku, taa ya jirani ikiniazima mwanga,
nikatia mkunjo mmoja shingoni.

Tuliijaribu kwanza Ondiri, mto unakozaliwa,
kwenye matete, baridi ikituuma visigino.
Okumbe akazamisha misumari.
Kimya.
Akagonga betri, akalaani waya,
Ndunge akamshika mkono: ngoja.
Du.
Kisha muda wa kumeza mate.
Du.
Kama mtu mzima aliyelala, asiye na deni.

Jumamosi tukaenda Gikomba, darajani,
mitumba imetandazwa hadi ukingoni,
maji meusi yakibeba kiatu kimoja.
Misumari haijalowa vizuri
pembe ikaanza.
Sikuwahi kusikia kazi ya mikono yangu
ikilia namna ile.
Wauza makoti wakaacha kuita wateja.
Kijana wa mkokoteni akatikisa bega, akatikisa na la pili,
mara watu kumi wanacheza,
mara thelathini,
na Ndunge kajishika kichwa:
"Wanaicheza! Wanaicheza sumu!"

Ndipo Mama Achitsa, muuza omena,
akaja na beseni lake hadi mdomoni mwa pembe,
akasikiliza kama anayepimiwa unga.
"Huu mto ukipona," akauliza,
"hii itaimba nini?"

Okumbe akatazama viatu vyake.
"Haitaimba, mama," Ndunge akasema.
"Itahesabu tu."

Mama akatikisa kichwa taratibu.
"Basi fanyeni haraka inyamaze.
Nimechoka kucheza."
Wala hakuwa amecheza.

Sijui kama kuna fundi mwingine
anayeombea kazi yake iwe bubu.
Nimerudi kwa masanduku; Januari haingoji mtu.
Mawili ya haraka, moja la kuuma pembe.
Lakini ile pembe bado iko pale, imefungwa kwa waya darajani,
na Ndunge hupita kila asubuhi na daftari,
na watu sasa humuuliza: leo imepanda au imeshuka?

Jina langu sikuliandika nje.
Nimelichora kwa msumari ndani ya shingo,
pale penye mkunjo.
Siku itakayonyamaza,
mtu atainama kutazama imeharibika nini,
na atalisoma.