Soksi ya Namba Hamsini na Nne

Suruali za mchezo huu hazina mifuko.
Nimezifua miaka ishirini na sita, najua:
kamba kiunoni, kitambaa cha kuvutika, sifongo gotini,
na hakuna pa kuficha hata senti.
Ndiyo maana fedha nilizikuta kwenye soksi.

Jumapili usiku, Akron, mechi imekwisha,
theluji imeziba dirisha la dobi,
mashine sita zinanguruma
kama mashabiki waliokataa kwenda nyumbani.
Soksi ya hamsini na nne, ya mguu wa kushoto,
ilikuwa nzito kuliko jasho.
Noti kumi za dola mia, zimelowa,
na kikaratasi chenye mwandiko niujuao:
*Goti la Lindqvist. Ametoka kwa machela. Asante.*

Nikazianika juu ya bomba la joto
kama nepi za mtoto.
Sikujiuliza kitu.
Mwongo mimi. Nilijiuliza,
nikajijibu mwenyewe: dobi hufua, hasomi.

Asubuhi nikamrudishia Boudreaux.
Miaka ishirini na mitatu, mtu wa Louisiana,
shingo kama gogo, sauti ya mtoto wa kwaya.
Alizihesabu bila kunitazama.
"Mzee Tasker, hizi ni za bafu la mama.
Sakafu imeoza. Anaoga amesimama juu ya ubao."
Kisha akachomoa moja, akanipa.
Nikaichukua.

Hapo ndipo ningepaswa kuanzia kusimulia.

Leo ni New York, ghorofa ya kumi na saba,
meza ndefu kama nusu ya uwanja,
mawakili saba, chupa za maji zisizofunguliwa,
na Kamishna aliyevaa miwani
ya kusomea makosa ya wengine.
Kocha Stroud anasema ulikuwa utani,
lugha ya wanaume wakibadili nguo.
Goti, anasema, kwetu maana yake ni moyo wa kujituma.
Wakili akaandika: goti, yaani moyo.
Nimefua damu, nyasi, matapishi, chokaa ya mistari;
sijapata kuona kitu kikitakata haraka
kama neno lile.

Adhabu zilishatoka tangu Oktoba.
Kocha: mechi mbili, azitazame kwa televisheni,
na faini ambayo mwenye timu atamlipia
kabla wino haujakauka.
Boudreaux: msimu mzima, bila mshahara.
Amekata rufaa, na rufaa inasikilizwa
na Kamishna yule yule aliyemhukumu.
Kesi ya ngedere, hakimu nyani;
hapa nyani kafunga tai.

Kijana amekaa mwisho wa meza, suti inambana mabega.
Mikono ameilaza mapajani, haina kazi.
Alimwangusha mtu kwa bei.
Nalijua hilo, naye anajua kuwa nalijua,
na bado nikimtazama naona ubao,
na mama mnene aliyeshika ukuta, akiogopa kuteleza.

Lindqvist hakuitwa.
Yuko kwao Duluth, nasikia,
anajifunza kushuka ngazi kinyumenyume.
Siku nzima goti limetajwa mara arobaini na moja,
nimehesabu,
na hakuna aliyeuliza kama bado linauma.

"Bwana Tasker."
Nikasimama. Goti langu nalo likalia,
kwa sababu zake lenyewe.
Wakili wa ligi ana sauti laini, kama sabuni ya hoteli.
"Ulikuta nini ndani ya soksi?"
Wa kocha akadakia: "Una hakika zilikuwa fedha?
Chumba kile kina mvuke. Umri nao."

Suruali za mchezo hazina mifuko,
lakini koti langu la mazishi lina minne,
na katika wa ndani, upande wa kushoto,
imekaa noti moja tangu Oktoba,
imenyooka, kavu, haijanunua hata mkate.

Nikaitoa. Nikailaza mezani, mbali na maji.
"Zilikuwa kumi," nikasema.
"Yeye mhesabieni tisa."