Asilimia Mbili

Swali namba mia moja themanini na saba
lilisomwa saa tatu na dakika arobaini asubuhi.
Nililitambua kabla halijafika mwisho.
Nililiandika mimi, nyuma ya risiti ya mbolea,
nikampa dereva wa mbunge pale stesheni ya Kaliua,
akalikunja kwa mkono wenye mafuta ya muhogo.

Redio ilikaa juu ya robota la sita.
Lusangija, mteuzi wa tumbaku, akasimamisha mizani.
"Nyamazeni," akasema, "tunatajwa."

Mimi niliandika:
Je, huko mnajua kwamba mkunga Tausi
huwaambia wenye uchungu waje na ndoo yao ya maji,
na asiye na ndoo
huzaa leo, mtoto akaogeshwa kesho?

Dodoma lilifika limenyolewa:
Je, ni lini Serikali itakamilisha mradi wa maji Itundwa?
Basi.
Hata ndoo haikuruhusiwa kupita getini.

Naibu Waziri alisimama. Tulisikia kiti, tulisikia karatasi.
Akamshukuru Spika, akamshukuru Mwenyezi Mungu,
akampongeza Mheshimiwa Nyamizi
kwa namna anavyowapigania wananchi wake,
kisha akanywa maji.
Jamani, tulimsikia akinywa.
Glasi ikarudi mezani, ti,
na ghala zima likameza mate.

"Mradi umekamilika kwa asilimia tisini na nane."

Meza zikapigwa huko, paa paa paa.

Mimi ni katibu wa kamati ya maji, kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Nikafumba macho nikahesabu.
Tangi lipo, limesimama kwa miguu yake minne,
popo wameshahamia.
Mabomba yapo chini, kilomita nne na ushee,
tulichimba wenyewe, Kasanda akapoteza kucha.
Vituo sita, rangi ya bluu.
Kibao kipo, jina la mkandarasi lipo,
pa kuandika tarehe ya uzinduzi pako wazi.
Kufuli ipo. Ufunguo ninao mimi,
nauvaa shingoni kama hirizi.
Nikajumlisha, nikatoa, nikarudia.
Kweli bwana, tisini na nane.
Mtu wa watu hakudanganya.
Asilimia mbili zilizobaki
ni maji.

Mheshimiwa Nyamizi hakukaa. Swali la nyongeza:
Waziri yuko tayari tufuatane mpaka Itundwa
akafungue koki kwa mkono wake?

"Niko tayari, Mheshimiwa Spika,
mara baada ya Bunge hili, ratiba ikiruhusu."

Ah, Ratiba. Sisi tunamjua Ratiba.
Mwaka juzi alimzuia mkuu wa mkoa asivuke Ugalla,
mwaka jana akaishika pampu yetu Tabora mjini
na hadi leo hajaiachia.
Hatujamchagua, hagombei,
na hatujawahi kumwona akishindwa.

Likaja swali la korosho za watu wengine.
Lusangija akapunguza sauti, mizani ikarudi kazini.
Robota la Kasanda: kilo arobaini na mbili, daraja la tatu.
"La tatu kwa nini? Jani hili hili jana lilikuwa la kwanza."
"Mchakato unaendelea," Lusangija akajibu,
na ghala likaangua kicheko,
Kasanda naye akacheka,
kisha akaacha kucheka
akabaki ameishika ile karatasi yake.

Jioni nilikwenda kituo namba mbili na ufunguo wangu.
Usiniulize kwa nini.
Binti yangu Wande akatega ndoo, kwa adabu,
kama anayemtegea mgeni maji ya kunawa.
Nikafungua.
Koki ikavuta pumzi ndefu, ikakohoa mara mbili,
ikatoa upepo wenye harufu ya kutu,
kama mbunge wa viti vya nyuma
aliyesimama, amesafisha koo,
akaambiwa muda wetu umekwisha.

Wande akachungulia ndoo.
"Baba, nifunge?"

Nikamwambia aiache.
Iache wazi. Iendelee kuuliza.