Ulimi wa Mkopo

Jumapili na Jumanne, baada ya isha,
nafunga kiwanda changu cha sare, cherehani sita,
natoka Mabela hadi Ruwi, juu ya duka la betri za magari,
ambako mwalimu Biju anatufundisha Kiingereza cha biashara
na kiyoyozi kinamdondokea Dilmurad begani.
Dilmurad ni fundi wa viyoyozi. Hasogei.
Anasema atakitengeneza siku watakayomlipa.

Miaka arubaini na tisa ninayo, na daftari la kurasa mia.
Naandika neno kama sikio lilivyolipokea:
invoisi. kotesheni. ovadyuu.
Hilo la mwisho lilinikaa mdomoni kama kokwa ya tende,
siku mbili sijui niliteme wapi.
Maana yake: siku imeshapita, na bado hujaleta.

Kuna maneno yana nyuso mbili.
Intresti ni riba, tena ni hamu ya kujua.
Nikamwuliza Biju, basi hamu nayo ni haramu?
Alicheka mpaka akavua miwani.
Dia ni mpenzi, dia ni ghali,
na barua zao zote zinaanzia hapo,
hata ya kumfukuza mtu kazi: mpenzi bwana fulani.

Wiki ya nne alinirudishia zoezi lina neno moja jekundu:
autstandingi. Akaeleza: umewapita wote, umesimama nje ya kundi.
Nikalibandika kwenye friji kwa sumaku ya duka la gesi.
Alhamisi ikaja barua ya benki, na neno lile lile,
ubavuni mwake riali mia nane na sitini.
Nilifurahi. Wallahi nilifurahi.
Nikamwita binti yangu, Ithar, tazama, hata benki wamesikia.
Akasoma. Akanishika mkono kama anayeshika kikombe cha moto.
Mama, hapa maana yake ni deni lililobaki.

Nikakaa nikahesabu.
Wanayonidai benki, mia nane na sitini.
Na ninayodai mimi?
Nadhir, kaka'angu wa tumbo moja, mwenye duka Barka,
sare mia na ishirini za wasichana, tangu shule zifunguliwe mwaka juzi.
Mia nne na kumi na mbili na nusu.
Kwa Kiswahili nishajaribu. Nampigia,
namwuliza magoti ya mkewe, mvua, mtoto aliyeko Salala,
namwuliza tena magoti,
na neno linafika kwenye meno, linageuka salamu.
Kiswahili chetu kimelelewa na mama mmoja
na mpaka leo mama anasikiliza.

Usiku ule nilimwandikia kwa Kiingereza.
Mistari minne. Mpenzi Bwana.
Kiasi kilichosimama nje. Siku iliyopita.
Kaindli, neno laini lenye msumari ndani.
Sikuona haya hata chembe.
Lugha ile haikunijua nikiugua surua,
haijui nani alinipepea kwa kifuniko cha sufuria
mpaka alfajiri, akalala amekaa.

Siku ya tatu alikuja mwenyewe, na bahasha.
Zote, mpaka baisa mia tano za mwisho.
Akauliza, nani kakuandikia?
Nikasema, mimi.
Akasema, Kiingereza chako kizuri.
Hakuketi. Kahawa ilibaki ndani ya mdila,
halwa na alama ya kidole changu pembeni,
pale nilipoionja kabla hajafika.

Benki nimewapelekea nusu. Wamenishukuru kwa barua,
nao pia mpenzi wao ni mimi.

Jumanne Biju kaandika ubaoni: setol.
Kulipa deni likaisha. Tena, akasema, kutulia,
kukaa mahali ukapaona pako.
Nimeandika maana ya kwanza.
Ya pili nimeiachia mstari.
Tone likaanguka. Dilmurad, kwa mara ya kwanza,
akasogeza kiti.