Mwamuzi wa Njia ya Saba

Siku za kazi nahesabu vidonge
katika duka la dawa nyuma ya stesheni ya Zabrze:
ishirini na vinane vya presha, kumi na vinne vya usingizi,
kwa kijiko bapa cha plastiki, viwili viwili, kimya.
Hakuna aliyewahi kunipigia makofi.

Jumamosi hii nimevaa fulana ya mistari
ndani ya ukumbi wa Katowice uliovimba kwa kelele,
kadi shingoni, kalamu ya risasi sikioni,
na nahesabu watu.
Wamekuja kutoka Seoul, Reykjavik, Bogotá,
na mabegi ya ndizi, plasta na mikanda,
viganja vimepasuka kama mkate wa juzi.
Bendera thelathini na moja zimening'inia darini
wala hamna upepo wa kuzipepea.

Sheria yangu ni moja, nyembamba kama uzi:
nyonga ishuke chini ya goti.
Isiposhuka nanyoosha mkono, nasema
haihesabiki.
Neno moja. Chuma kina nafuu.

Njia ya saba: Ildikó Szentesi wa Miskolc,
miaka hamsini na minane, fundi wa breki za tramu,
nywele kazibana kwa utepe wa kufungia nyaya,
chaki mpaka kwenye nyusi.
Mimi hakunitazama. Alikitazama chuma
kama anayemwangalia mdeni wake.

Honi.

Moja. Mbili. Ya tatu ikapanda laini.
Nikawa mdomo tu, mdomo wenye tarakimu,
kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu,
na pumzi yake ikawa msumeno kwenye mti mbichi.
Ya ishirini na tatu
alishuka, akasita, akainuka,
na kati ya nyonga na goti
niliona, au sikuona, upana wa kidole.
Mkono wangu ulinyooka kabla yangu.
Haihesabiki.

Hakubisha. Alimeza mate, akarudia.
Ukumbi ulikuwa ukishangilia majina ya wengine.
Jasho lake lilidondoka juu ya kiatu changu,
nikalihesabu nalo, kwa mazoea.

Arobaini na nane. Arobaini na tisa.
Chuma kimetua kifuani, viwiko vinatetemeka,
kinapita kidevu, kinapita pua,
saa nyekundu inatafuna sekunde tatu, mbili,
honi ikakikuta usawa wa paji la uso.

Hamsini ingempeleka fainali.
Niliandika arobaini na tisa
kwa mwandiko ambao, kwa mara ya kwanza,
nilitamani usisomeke.

Nikampelekea karatasi atie sahihi.
Alikuwa amelala chali, mbavu zikipanda na kushuka.
"Ya ishirini na tatu," nikaanza, kwa Kijerumani kibovu,
lugha pekee tuliyoweza kuazimana, "huenda..."
Akainua kidole chenye chaki na damu.
"Ya kumi na mbili," akasema,
"sikufika chini. Nilijua. Ukanipa."
Akatia sahihi kwa nguvu, karatasi ikatoboka,
kisha akaniuliza wapi auzapo mtu supu ya moto.

Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi kwa nilichomnyima.
Kwa nilichompa sikuwa na neno.
Hata sikukiona.

Jumatatu, mzee Alojzy na cheti chake cha presha.
Nahesabu mpaka ishirini na vinane,
navirudisha vyote kwenye fungu,
naanza tena.
Tramu yake inakuja, ananiambia, inapiga kona pale.
"Subiri," namwambia, kijiko hewani.
"Nimefika cha kumi na mbili."